Sarafu ya Tembo

Aonyeshaye sarafu kuukuu katika soko la Gakoromone, mjini Meru, huulizwa kwanza: ni madini gani, na uzito wake ni kiasi gani? Swali hilo ni la haki, lakini halitoshi. Sarafu moja ya Afrika Mashariki yatuonyesha kwa nini.

Ni sarafu ya dhahabu ya rupia 15, iliyofuliwa Tabora mwaka 1916. Upande mmoja pana tembo aliyeinua mkonga, na milima nyuma yake; upande wa pili pana tai wa Dola ya Ujerumani. Wakati huo dunia ilikuwa vitani. Tangu mwaka 1915 manowari za Waingereza zilikuwa zimeifunga pwani, fedha hazikuletwa tena kama zamani kutoka Ulaya, na askari walitaka mshahara wao. Noti zilipigwa chapa humo humo nchini, lakini watu waliziona kwa mashaka; na ni nani angeiamini karatasi ya serikali inayorudi nyuma kila mwezi? Ndipo karakana ya reli ya Tabora ilipogeuzwa kiwanda cha fedha. Dhahabu ilitoka katika mgodi wa Sekenke. Zilifuliwa sarafu 16,198 tu, kwani mwezi wa Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliutwaa mji.

Basi na tuipime. Uzito wake ni gramu 7 na kidogo, na robo yake si dhahabu. Sarafu ya Ufaransa ya faranga 20, ya karne ya 19, ni nyepesi zaidi, gramu 6.45, walakini dhahabu safi iliyomo ni nyingi kuliko ile ya Tabora. Sonara angeichagua ya Ufaransa. Mkusanyaji hafanyi hivyo. Zile za Ufaransa zilifuliwa kwa mamilioni, na nyingi huuzwa karibu na bei ya dhahabu yake; ya tembo ni adimu, nayo huuzwa kwa bei ipitayo mbali dhahabu iliyomo. Aiyeyushaye amejipunja mwenyewe.

Mimi, hata hivyo, ningewaelekeza wanafunzi wangu kwenye sarafu nyingine ya karakana ile ile: heller 20 ya shaba ya manjano, nzito, iliyofuliwa kwa haraka. Heller 100 zilifanya rupia moja, na kutoka jina hilo tumelipata neno hela. Hiyo ndiyo iliyopita mikononi mwa watu.

Dhahabu haikuwa yao. Upande wa Waingereza, mpagazi aliyechukuliwa kutoka Kenya mwaka 1917, Wameru wakiwamo, alipangiwa rupia 5 kwa mwezi. Sarafu moja ya tembo ilikuwa miezi mitatu ya kubeba mizigo, njaa na homa. Na wengi walipokufa njiani, hata hizo rupia 5 hazikuwafikia jamaa zao.