Leo ni Tarehe Gani?

Msomaji, hapana swali lionekanalo jepesi kuliko hili: leo ni tarehe gani? Mtoto huliuliza, na baba hutazama kalenda ukutani akamjibu. Walakini swali hilo limewasumbua mabaharia, wafanyabiashara na mafundi wa kompyuta kwa miaka mingi, na historia yake yafaa kujulikana.

Wazee wetu wa pwani walihesabu siku tangu jua kuchwa. Alhamisi ikiisha, giza lililoingia liliitwa usiku wa Ijumaa. Wageni wa Ulaya waliihesabu siku tangu usiku wa manane. Hivyo watu wawili waliosimama mahali pamoja, saa mbili za usiku, waliweza kutaja siku mbili mbalimbali, na wote wasikosee. Ni dhahiri basi kwamba tarehe ni mapatano ya wanadamu, na mapatano yahitaji mlinzi.

Katika mji wa London mlinzi huyo alikuwa nyumba ya kutazamia nyota iliyoko Greenwich. Mwaka 1833 mpira mkubwa uliwekwa juu ya paa lake, ukawa ukiangushwa kila siku saa saba kamili za mchana, ili manahodha katika mto Thames wasahihishe saa zao. Mwaka 1836 John Henry Belville alianza kuizungusha mjini saa iliyosahihishwa huko, na wateja wakalipa ada ili waitazame. Alipofariki, mkewe Maria aliishika kazi hiyo, kisha binti yao Ruth, aliyeiendesha mpaka mwaka 1940. Wateja hao walikuwa na saa zao wenyewe, lakini walijua ya kuwa saa mia zisizo na mkubwa huleta ubishi mtupu.

Kompyuta zilipoenea, jambo lilo hilo lilirudi kwa sura mpya. Mwaka 1970 Edgar Codd, Mwingereza aliyefanya kazi katika kampuni ya IBM huko California, alitangaza njia ya kupanga habari katika majedwali. Mwaka 1974 Donald Chamberlin na Raymond Boyce, wa kampuni iyo hiyo, walieleza lugha ya kuyauliza majedwali hayo, ambayo leo huitwa SQL. Kanuni zake za kwanza zilikubaliwa Marekani mwaka 1986, na zile za mwaka 1992 zikaweka neno maalumu la kuulizia tarehe. Ukiandika hivi:

SELECT CURRENT_DATE;

seva, yaani kompyuta itunzayo hifadhidata ya wote, itakujibu kwa tarehe ya siku. Lakini watengenezaji hawakupatana kabisa: Oracle ina neno lake SYSDATE, na SQL Server ya Microsoft hutumia GETDATE(). Kwa hiyo fundi hana budi kujua anasema na seva ipi.

Labda utauliza: kwa nini kuisumbua seva, iwapo kila kompyuta ina saa yake? Fikiri ofisi yenye makarani kumi. Ikiwa saa ya mmoja wao imetangulia kwa siku moja, mwanafunzi aliyelipa ada ya mtihani siku ya mwisho ataandikwa kuwa amechelewa, wala hana kosa. Wote wakiiuliza seva, wote wataandikwa kwa saa moja.

Hata hivyo, seva nayo ina desturi yake. Nyingi huwekwa zifuate majira ya dunia yaitwayo UTC, yaliyorithi hesabu ya Greenwich, na Kenya imeyatangulia kwa saa tatu. Basi hapa kwetu, tangu usiku wa manane mpaka saa tisa za usiku, seva iliyowekwa hivyo yaweza kusema kwamba bado ni jana. Haikusema uongo, imehesabu kwa mapatano yake, kama walivyohesabu mzee wa pwani na mgeni wake.

Kwa hiyo, msomaji, siku utakapoandika amri hiyo fupi, jiulize kwanza: ni saa ya nani inijibuyo, nayo yafuata majira ya wapi? Asiyejiuliza hayo aweza kumwandikia mwenziwe siku isiyo yake.