Nani Aliyehesabiwa? Sonona, Ubongo na Rejesta za Hospitali ya Mathari

Makala haya yanarejelea mjadala wa katikati ya karne ya 20 kuhusu ubongo na afya ya akili barani Afrika, ili kubainisha hatari ya taaluma moja kujitosheleza.

Mwaka 1938 J. C. Carothers, daktari wa serikali ya kikoloni, alikabidhiwa Hospitali ya Mathari, Nairobi, bila kuwa mbobezi wa magonjwa ya akili. Miongoni mwa wagonjwa wa Kiafrika waliolazwa humo, aliona wachache mno wenye sonona. Badala ya kuitilia shaka rejesta, aliutilia shaka ubongo: alidai kwamba Mwafrika hatumii ipasavyo sehemu ya mbele ya ubongo wake, akamlinganisha na Mzungu aliyekatwa nyuzi za sehemu hiyo. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake chenye hoja hizo. Mwaka uliofuata serikali ya Kenya ilichapisha ripoti yake kuhusu saikolojia ya Mau Mau, iliyotilia mkazo msukosuko wa nafsi kuliko ardhi iliyoporwa, na kuunga mkono kuwakusanya watu vijijini.

Kasoro ilikuwa mlangoni. Hospitalini walifikishwa hasa waliovuruga amani. Aliyejikunyata nyumbani, asiyekula wala kulala, hakuwa na askari wa kumpeleka.

Walioiona kasoro hiyo ni waliovuka mipaka ya taaluma. Margaret Field, mwanaanthropolojia aliyesomea baadaye udaktari, aliketi kwenye mahali pa matambiko nchini Ghana; katika kitabu chake cha mwaka 1960 alieleza kwamba wanawake wengi waliojishutumu kwa uchawi walikuwa wagonjwa wa sonona. Nchini Nigeria, T. A. Lambo, aliyewahifadhi wagonjwa wa Hospitali ya Aro pamoja na jamaa zao katika vijiji vya jirani, alishirikiana na watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, wakiwemo wataalamu wa sayansi ya jamii. Ripoti yao ya mwaka 1963 ilionyesha kuwa Wayoruba hawakuwa na neno moja la sonona, ilhali dalili zake walizifahamu, na zilienea vijijini.

Ubongo haukubadilika kati ya 1938 na 1963. Kilichobadilika ni mahali pa kuhesabia. Kwa hiyo, mshauri wa sera anayepokea takwimu za hospitali hana budi kuuliza kwanza: ni nani aliyeletwa, aliletwa na nani, na ni nani aliyebaki nyumbani?