Majarida Niliyoyachoma

Nilipokabidhiwa chuo cha ualimu mwaka 1988, nilikuta maktaba imejaa majarida ya Kimarekani yaliyoletwa kwa msaada: Popular Mechanics, Popular Science na jamaa zao, mengine ya kabla sijazaliwa. Niliyapekua asubuhi moja, nikaona sayansi yake imepitwa na wakati, nikaamuru yachomwe ili ipatikane nafasi ya vitabu vya kiada. Mtunza maktaba, mzee mtaratibu, aliniuliza mara mbili: "Mkuu, yote?" Nikamjibu, yote. Yaliwaka mchana kutwa nyuma ya jiko.

Leo nakusanya yale yale, moja moja, kwa pesa ya pensheni. Mjukuu wangu ndiye huniagizia Marekani, huku akinicheka.

Popular Science ndilo kongwe. Lilianzishwa na Edward Youmans mwaka 1872, na siku hizo lilijaa makala nzito za wasomi. Popular Mechanics lilitoka Chicago Januari 1902. Mwanzilishi wake, Henry Haven Windsor, alitaka mtu wa kawaida asome na aelewe. Mwalimu yeyote angempenda.

Ninalolithamini zaidi ni toleo la Machi 1949. Mna makala inayoitaja ENIAC, kompyuta iliyokuwa na vali 18,000 (zile taa za kioo za redio za zamani) na uzito wa tani 30. Mwandishi anabashiri kwamba kompyuta za baadaye huenda zikawa na vali 1,000 tu, na uzito wa tani moja na nusu. Watu hucheka wakisikia hivyo. Nami nilicheka, kisha nikaacha. Yule bwana hakuwa mjinga. Alipiga hesabu kwa vali kwa sababu vali ndizo zilizokuwa zikifanya kazi hiyo. Kumbe transista ilikwisha kubuniwa katika maabara ya Bell Desemba 1947, ikatangazwa hadharani Juni 1948. Jarida lilipotoka, jibu lilikuwa na miezi tisa mezani!

Jambo hili kitabu cha kiada hakikuonyeshi. Toleo jipya hufuta makosa ya lililotangulia, na mwanafunzi hudhani wanasayansi walikwenda njia iliyonyooka mpaka kwenye jibu. Hivyo ndivyo nilivyofundisha miaka mingi, tena nikiwafundisha walimu.

Liko jingine nalitafuta bado: Popular Electronics la Januari 1975, lenye kompyuta ya Altair 8800 kwenye jalada. Sampuli halisi ilipotea njiani ikipelekwa New York, kwa hiyo kilichopigwa picha ni kasha tupu. Hata hivyo, Paul Allen aliliona jarida hilo likiuzwa, akampelekea rafiki yake Bill Gates, na mwaka huo huo wakaanzisha Microsoft.

Toleo hilo sijalipata. Huenda lilikuwamo katika yale ya nyuma ya jiko. Sikuagiza hata yaorodheshwe.