Swali Lisiloulizwa Zahanati: Kikao cha Tiba ya Mitishamba Ziwani na Pengo la Sheria ya Afya ya 2017

Ni vigumu kupata ripoti kuhusu tiba ya asili barani Afrika isiyoanza na asilimia 80. Shirika la Afya Duniani limeirudia hesabu hiyo kwa miaka mingi, kwamba Waafrika wanane katika kila kumi hutegemea tiba ya asili, na waandishi wetu wameipokea bila kuihoji. Baada yake huja maelezo yaliyozoeleka: watu ni maskini, hospitali ziko mbali, madaktari ni haba. Huenda maelezo hayo yakafaa Turkana. Kwa Ziwani, mtaa wa Nairobi, hayafai hata kidogo. Mkazi wa Ziwani anaweza kufika kwa miguu Hospitali ya Uzazi ya Pumwani, iliyofunguliwa 1926, na akivuka kwenda Ngara hatakosa kliniki ya kibinafsi wala duka la dawa. Hata hivyo anakwenda kwa mtabibu wa mitishamba, tena akiwa ameshapitia zahanati. Swali la makala haya ni kwa nini, na jibu ninalolitetea ni kwamba anakwenda kutafuta kikao, yaani yale mahojiano marefu kabla ya dawa. Sheria yetu imejishughulisha na dawa na kukipuuza kikao.

Ziwani ni mtaa wa nyumba za baraza la mji, zilizojengwa miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika, upande wa Starehe na Kariokor. Magome na mizizi hupatikana karibu, katika masoko ya Kariokor na Gikomba: mwiri, muthiga, mwarobaini, vikiwa vizima ndani ya magunia au vimesagwa na kufungwa kwenye karatasi. Hapa siwazungumzii waliobandika matangazo kwenye nguzo za stima wakiahidi kumrudisha mpenzi kabla ya jua kutua. Nawazungumzia watabibu wanaojulikana mtaani kwa miaka mingi, ambao majirani huwaita daktari.

Kikao ninachokitegemea zaidi kilifanyika katika chumba cha mbele cha nyumba mojawapo ya hizo, kwa ridhaa ya mgonjwa na ya mtabibu. Mgonjwa alikuwa mama wa makamo mwenye ugonjwa wa sukari, nyayo zikimwaka moto usiku. Alikuja na mkaza mwana wake. Mtabibu hakuanza na miguu. Aliuliza mama anaishi na nani, nani hupika, usingizi humjia saa ngapi, choo kikoje, mkojo humwamsha mara ngapi. Alipouliza chakula cha jioni, mama alijibu kwamba ni ugali kidogo na sukuma. Mkaza mwana akaingilia kwa adabu: "Mama, na ile chai? Vijiko vitatu kila kikombe." Likaja suala la kodi ya nyumba, na la kijana aliyesimamishwa kazi, ambaye mama alisema ndiye anayemnyima usingizi kuliko miguu. Baada ya hayo yote ndipo mtabibu alipoinama, akabonyeza vifundo, akapanua vidole vya miguu kimoja kimoja kutafuta kidonda.

Kisha akauliza: "Mama, zile za hospitali umekuja nazo?"

Mama akafungua fundo la leso, akatoa karatasi ya vidonge vya metformin pamoja na daftari la shule, lile ambalo wagonjwa wengi wa zahanati za umma hujinunulia ili waandikiwe humo. Mtabibu akasoma kurasa za nyuma polepole. "Hizi usiziache. Yangu utakunywa saa nne, usizichanganye. Na kule uliwaambia unakunywa mitishamba?"

"Sikusema, daktari. Watanigombeza."

Kikao kimoja hakithibitishi tabia ya mtaa mzima, lakini hiki kinatosha kuonyesha jambo ambalo hesabu ya asilimia 80 haiwezi kulionyesha. Katika nyumba ile, aliyekuwa na picha kamili ya dawa zote zinazoingia mwilini mwa mama alikuwa mtabibu wa mitishamba. Zahanati ilijua nusu. Na nusu isiyojulikana ina uzito, kwa sababu baadhi ya mimea michungu inayopendekezwa kwa wagonjwa wa sukari, karela ikiwa mojawapo, hushusha sukari kwelikweli. Ikiongezwa juu ya dawa za hospitali bila mtu kupima, sukari inaweza kushuka kupita kiasi. Hatari hiyo haitokani na mitishamba peke yake. Inatokana pia na zahanati kutouliza, na mgonjwa kujifunza kwamba kusema ni kujitafutia lawama.

Kwamba mji haukuufukuza uganga si habari mpya. Charles Good alilionyesha hilo 1987 alipolinganisha Kilungu ya Machakos na Mathare ya Nairobi. Wala si jipya kwamba uamuzi wa tiba hufanywa na jamaa pamoja na mgonjwa: John Janzen alilieleza 1978 kutokana na utafiti wake Kongo, na mkaza mwana mwenye habari za vijiko vitatu ni mfano wake hai. Ninapotofautiana na wengi ni kwa wale wanaokisifu kikao cha aina hii kama hekima ya Kiafrika ya kumtazama mtu kwa ukamilifu wake, eti jambo ambalo Mzungu hakuwahi kulijua. Nadharia ya ukamilifu wanayoinukuu iliandikwa na Jan Smuts katika Holism and Evolution, 1926. Miaka 10 kabla ya hapo, Smuts alikuwa kamanda wa majeshi ya Uingereza Afrika Mashariki, katika vita vilivyoua makumi ya maelfu ya wapagazi Waafrika, wengi wao kwa kuhara, malaria na njaa. Kariokor, jirani ya Ziwani, ilipata jina lake kutoka kwa kikosi hicho cha wapagazi, Carrier Corps. Nadharia nzuri ya ukamilifu haimhakikishii mtu yeyote kuangaliwa. Anayeangaliwa ni yule aliyeulizwa maswali.

Na hapo ushahidi wa kitabibu uko upande wangu. Mwaka 2008 Ted Kaptchuk na wenzake huko Boston walichapisha jaribio la wagonjwa 262 wenye maumivu ya utumbo. Kundi moja liliwekwa kwenye orodha ya kusubiri. Makundi mawili yalipewa tiba bandia ya sindano za Kichina, moja likihudumiwa kwa maneno machache tu, la pili likianza na mahojiano ya dakika 45 yenye utu na usikivu. Baada ya wiki 3, waliosema wamepata nafuu ya kutosha walikuwa asilimia 28, 44 na 62 kwa mfuatano huo. Sindano zilikuwa zilezile za bandia. Kilichotofautisha makundi mawili ya mwisho ni kikao. Lakini muda wa kikao kama hicho ni haba: mapitio ya Greg Irving na wenzake ya 2017, yaliyohusu nchi 67, yaliona kwamba karibu nusu ya watu duniani huishi katika nchi ambako daktari wa huduma ya msingi hukaa na mgonjwa dakika 5 au pungufu.

Atakayepinga atanikumbusha Loliondo. Mwaka 2011 maelfu, Wakenya wakiwemo, walimiminika kijijini Samunge kwa Mchungaji Ambilikile Mwasapile kunywa kikombe kimoja kwa shilingi 500 za Tanzania, dawa moja kwa kila maradhi, bila mahojiano. Kama kikao ndicho kinachovuta, mbona kikombe kile kilivuta kuliko kikao chochote? Naona kilivuta kwa njia ya imani na matumaini, na wimbi lile lilipita upesi. Tiba ya Ziwani haina foleni za kilomita, lakini watu hurudi kwa mtabibu yuleyule mwaka hadi mwaka. Pingamizi zito zaidi ni kwamba nafuu ya maumivu si kupona: dakika 45 za usikivu haziyeyushi uvimbe wa saratani, na anayesikilizwa vizuri huweza kuchelewa hospitali kwa sababu hiyohiyo. Nalikubali hilo. Ndiyo maana hoja hii inaelekea zahanati na sheria kwanza.

Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017 iliitambua tiba ya asili na tiba mbadala, ikaahidi chombo cha kuisimamia kitakachoundwa na Bunge, na ikatoa nafasi ya utaratibu wa kuwapeleka wagonjwa kutoka kwa watabibu hao hadi hospitali. Ni hatua kubwa ukikumbuka kwamba sheria ya uchawi ya 1925 ndiyo iliyokuwa kivuli chao, na kwamba wamezoea kusajiliwa na idara ya utamaduni badala ya ile ya afya. Lakini sheria inamfikiria mgonjwa kama mzigo unaopita njia moja, na haisemi habari zake zitasafirije. Tanzania iliunda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala kwa sheria ya 2002, na kama Kenya itafuata njia hiyo, kanuni zake zisiishie kwenye maabara na usajili wa unga na magome. Zimruhusu mtabibu aliyesajiliwa kuandika katika daftari la mgonjwa jina la mmea, kipimo na tarehe, na zimtake mhudumu wa zahanati aulize kuhusu mitishamba kila anapoandika dawa ya sukari au ya presha, bila kumkaripia mgonjwa. Gharama yake ni ndogo, na ningethubutu kusema itazuia madhara mengi kuliko marufuku yoyote.