Rosa aliyekatazwa darasani

Mwaka 2025 riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika, ilitoka kwa Kiingereza nchini Marekani. Mfasiri ni Jay Boss Rubin, mchapishaji Yale University Press. Ilikuwa imetimiza miaka 54 tangu East African Literature Bureau walipoitoa kwa Kiswahili. Basi Mmarekani sasa anaisoma kitandani kwake. Huku Nyakitonto, kwenye nyanda za juu za Kasulu, ni wasichana wangapi wamewahi kuishika mkononi?

Kisa chenyewe ni cha Ukerewe, lakini Muha yeyote wa huku kwetu anakielewa. Zakaria, baba mlevi, ana mabinti kadhaa. Rosa, mkubwa wao, anapata barua ya mvulana aitwaye Charles, na barua hiyo inamletea kipigo. Binti anakua akiwaogopa wanaume. Anakwenda sekondari Mwanza, kisha chuo cha ualimu Morogoro, na huko uhuru asiofundishwa kuutumia unamzidi nguvu. Zinafuata mimba za kutolewa na majuto. Charles naye, aliyekuwa tayari kumwoa, anarudi nyuma akisikia si bikira. Rosa anajiua.

Kitabu kikapigwa marufuku shuleni.

Ugomvi huo unastahili kuangaliwa kwa makini, maana ndani yake ndimo historia nzima ya namna tunavyowasoma wanawake wa kwenye vitabu. Wakubwa walisema kitaharibu maadili ya wanafunzi. Kilichowaudhi ni kitanda na mimba. Ngumi ya Zakaria, iliyo kurasa za mwanzo kabisa, haikumkosesha mtu usingizi. Baba kumpiga binti hakukuhesabiwa matusi. Na Kezilahabi alikuwa amewasogezea kesi mezani: mwishoni mwa riwaya anawapeleka baba na binti mbele ya Mungu, wakahojiwe huko juu. Wasomaji wa wizarani walikwishatoa hukumu kabla ya kufika ukurasa huo. Baadaye marufuku ililegea, riwaya ikarudi mikononi mwa wanafunzi, ikawa ya kutahiniwa.

Mwaka 1996 Elena Bertoncini Zúbková, mtaalamu wa fasihi ya Kiswahili aliyefundisha Italia, alichapisha mkusanyiko kuhusu wanawake wa fasihi hii. Jina la mkusanyiko huo tu linatosha kuwa shtaka: aliwagawa katika mafungu mawili, walaghai wa mapenzi na wahanga. Ukishalisikia huwezi kulisahau. Maimuna wa riwaya ya Utengano yuko fungu gani? Rehema wa riwaya ya Nyota ya Rehema je? Mimi naona Rosa ametiwa katika yote mawili, kutegemea nani ameshika kitabu.

Wanawake wenyewe walikuwa wamekwisha kushika kalamu. Ndyanao Balisidya alitoa Shida mwaka 1975. Penina Muhando aliandika tamthilia ya Hatia, kisha Nguzo Mama mwaka 1982, ambamo wanawake wa kijiji cha Patata wanajaribu kuisimamisha nguzo yao na kila mara kuna kinachowakwamisha. Kwake swali si usafi wa msichana. Ni nani anayevuta kamba na nani anakaa pembeni akitazama. Tangu hapo vyuo vikuu vimejaa tasnifu za usawiri wa mhusika mwanamke katika riwaya hii au ile. Nyingi zinahesabu tabia njema na mbaya za mwanamke kama mama mkwe anayekagua mkaza mwana, na kuuita huo ufeministi.

Nje ya vitabu, akina Rosa waliendelea kufukuzwa shuleni. Kanuni za mwaka 2002 ziliruhusu mwanafunzi kufukuzwa shule kwa kosa dhidi ya maadili, na mimba ikahesabiwa humo. Juni 2017 Rais Magufuli akatamka kwamba aliyezaa hatarudi shuleni. Mlango ulifunguliwa tarehe 24 Novemba 2021, na aliyeufungua ni mtu wa kwetu: Profesa Joyce Ndalichako, wakati huo Waziri wa Elimu na Mbunge wa Kasulu Mjini. Kasulu ilistahili kushangilia kwa sauti zaidi kuliko ilivyofanya.

Tangazo hilo lilimruhusu msichana aliyezaa kurudi darasani. Kezilahabi hakulisikia, alifariki Januari 2020, miezi 22 kabla yake.