Nani Atamnunua Nani: Soko la Uvumi Enzi za Kebo

Mwaka 1999 familia nyingi za Marekani ziliingia mtandaoni kwa laini ya simu. Modemu inalia, inakoroma, na mpaka aliyemo atoke, hakuna mwingine nyumbani wa kupiga simu. Kwamba kebo ya televisheni ingeondoa adha hiyo, wachache walibisha. Kilichobishaniwa, na kilichochezewa fedha, ni nani angemnunua nani kabla siku hiyo haijafika.

Hoja yenyewe ilisikika ya busara: mwenye waya hana cha kupitisha, mwenye tovuti hana waya, basi waoane. Januari 1999 At Home, iliyouza intaneti ya kasi kupitia kebo za TCI, Comcast na Cox, ilitangaza kuinunua Excite, tovuti ya utafutaji iliyoanzishwa na vijana wa Stanford, kwa takriban dola bilioni 6.7. Malipo yalikuwa hisa, si taslimu. Na hisa hizo zilikuwa ghali kwa kuwa watu walitarajia manunuzi zaidi, huku manunuzi yakiwezekana kwa kuwa hisa ni ghali. Uvumi ndio uliokuwa mtaji.

Kwa mtaji wa namna hiyo mtu hununua chochote. Kabla mwaka haujaisha, Excite@Home, kampuni iliyozaliwa na ununuzi huo, ilijichukulia Bluemountain, tovuti ya kutumiana kadi za salamu bure, kwa thamani ya takriban dola milioni 780. Mwaka huohuo, kwa masimulizi ya waliohusika, waasisi wa Google walikuwa radhi kuiuzia Excite mtambo wao wa utafutaji kwa chini ya dola milioni moja. Wakakataliwa.

Kisha ikaja Januari 10, 2000. AOL, yenye wateja zaidi ya milioni 20, karibu wote wa laini ya simu, ilitangaza kuichukua Time Warner, yenye kebo, filamu na majarida. Kila hisa ya Time Warner ingebadilishwa kwa hisa 1.5 za kampuni mpya. Bei ya Time Warner ikaruka kwa zaidi ya theluthi siku hiyohiyo, lakini haikufika thamani iliyoahidiwa. Katika pengo hilo waliingia wabashiri wazoefu: wananunua Time Warner, papo hapo wanakopa hisa za AOL na kuziuza, wangojee pengo lizibe. Hao, kwa maoni yangu, ndio pekee waliojua wanachokichezea. Wengine walikuwa wakikisia ndoa inayofuata.

Miezi miwili baadaye, Machi 10, Nasdaq ilifika kileleni ikaanza kuporomoka. Ndoa ilifungwa Januari 2001 hata hivyo, na hesabu za 2002 za AOL Time Warner zikaonyesha hasara ya karibu dola bilioni 99. Bluemountain ilikwishauzwa kwa milioni 35. Excite@Home yenyewe iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai mwishoni mwa Septemba 2001, na Desemba, mazungumzo na kampuni za kebo yalipokwama, wateja wa kampuni ya kebo ya AT&T wapatao 850,000 walikatiwa huduma. AT&T ikawahamishia mtandao wake yenyewe kwa siku chache; Comcast na Cox wakalipia muda wa kujenga mitandao yao. Novemba 2002 Comcast ikainunua AT&T Broadband, kebo na wateja wake.