Nidhamu ya biro kule Korea: nani aliijenga, nani aliilegeza?



Kwetu, mtu akianza tu kuzungumza juu ya maendeleo, jina la Korea ya Kusini halikosi. Shefu anakuambia: "Wale wanafanya kazi mpaka usiku, tena hawalalamike." Mwingine anaongeza: "Nidhamu iko ndani ya damu yao." Na wewe mwanastaji, mwezi wa sita bila hata franka moja, unanyamaza tu. Leo tufungue historia kidogo, tuone kama ni damu kweli.

Tuanze na kile ambacho mgeni anakuta akiingia biro ya Seoul. Kwanza, vyeo. Anayeanza kazi anaitwa sawon, juu yake kuna daeri, halafu gwajang, chajang, na bujang ndiye mkubwa wa idara. Mkubwa huitwi kwa jina lake tupu, unamwita kwa cheo chake. Kadi yenye jina lako unaitoa kwa mikono miwili, na ya mwenzako unaipokea vilevile. Hapo watu wetu hawapati shida, maana hata kwetu mkubwa hapewi kitu kwa mkono wa kushoto.

Pili, saa. Saa ya kutoka imeandikwa kwenye kontra, lakini kwa desturi ya zamani mdogo hainuki kama shefu bado amekaa. Hakuna anayekukataza. Unatakiwa uelewe mwenyewe kwa kuangalia sura za watu, na uwezo huo wa kusoma hali bila kuambiwa wanauita nunchi. Tatu, kuna hoesik, yaani chakula cha jioni cha idara nzima: nyama ya kuchoma, pombe ya soju, mdogo anamimina kwa mikono miwili, tena akinywa anageuza uso pembeni asinywe mbele ya mkubwa. Wakimaliza pale wanaenda mahali pa pili, pengine pa tatu, kuimba. Kukataa ilikuwa ngumu, juu hoesik ilihesabiwa kama sehemu ya kazi.

Sasa, mambo hayo yalitoka wapi? Heshima kwa wazee ni ya zamani sana kule, inatoka kwenye mafundisho ya Konfusio. Lakini biro yenyewe, na vile inavyopanga watu na saa zao, si ya zamani hivyo. Vita vya Korea vilisimama mwaka 1953, nchi imebomoka. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 pato la mtu mmoja lilikuwa karibu dola 100 tu kwa mwaka. Tarehe 16 Mei 1961 jenerali Park Chung-hee alichukua utawala kwa nguvu ya jeshi, akatawala mpaka alipouawa Oktoba 1979. Mwaka 1962 serikali yake ilianza mpango wa kwanza wa miaka mitano: viwanda, kuuza nje, mbio mbio. Wanaume wote walipaswa kupita jeshini, kisha wakaingia kwenye makampuni na tabia za kambi: mkubwa anaamuru, mdogo anajibu ndiyo. Mtu aliyetoka jeshini aliongezewa hata pointi kwenye mitihani ya kazi ya Leta, mpaka Mahakama ya Katiba ilipofuta jambo hilo mwaka 1999. Kwa hiyo, nusu ya kile tunachoita utamaduni wa biro ya Korea ilitoka kwenye kambi ya askari.

Na watu hawakulalamika? Hapo ndipo hadithi tunayosimuliwa inakatwa katikati.

Sheria ya kazi ya Korea ni ya mwaka 1953, na ilisema saa 8 kwa siku. Karatasi ilikuwepo, ila kwenye viwanda haikufuatwa. Kwenye soko la Pyeonghwa mjini Seoul, wasichana wadogo walishona nguo karibu saa 14 kwa siku, ndani ya vyumba vyenye dari ya chini na vumbi la vitambaa. Fundi mmoja kijana, Jeon Tae-il, aliisoma ile sheria, akaandika barua kwa wakubwa, akaomba wakaguzi waje. Hawakumsikia. Tarehe 13 Novemba 1970, akiwa na miaka 22, alijichoma moto pale sokoni akidai sheria ifuatwe. Mama yake, Lee So-sun, aliendelea na kazi ya kutetea wafanyakazi mpaka alipofariki mwaka 2011.

Mwaka 1987, baada ya maandamano makubwa ya kudai demokrasia, wafanyakazi walisimamisha kazi nchi nzima, na masendika mapya yakazaliwa kwa wingi. Mwaka 1989 wiki ya kazi ikashushwa kutoka saa 48 mpaka 44. Tangu Julai 2004 ikawa saa 40, na siku ya posho ikaanza kuwa ya mapumziko, makampuni makubwa yakitangulia. Lakini wizara ilihesabu wiki kwa ujanja: saa za siku ya posho na za siku ya Mungu zilibaki nje ya hesabu, hivyo mtu aliweza kufika saa 68. Sheria ya mwaka 2018 ilifunga mlango huo: saa 40, pamoja na 12 za ziada, jumla 52. Mwaka 2019 ikaja sheria dhidi ya kunyanyasa watu kazini. Na Machi 2023, serikali ilipopendekeza kuruhusu mpaka saa 69 kwa wiki moja, vijana ndio walipaza sauti kwanza, na rais akaagiza mpango ule uangaliwe upya. Hata vyeo vimeanza kulegea: kampuni ya CJ tangu mwaka 2000 watu wanaitana kwa jina na neno moja la heshima, nim, kwa mdogo na kwa mkubwa.

Munaona? Damu ni ile ile, ila saa zimepungua, tena nchi haikuanguka.

Kuna ukurasa mwingine unaotugusa, ule wa wageni. Mwaka 1993 Korea ilifungua mlango kwa wafanyakazi wa kigeni wa viwandani, lakini iliwapa jina la "wanastaji". Kwa kuwa eti wanajifunza, hawakuhesabiwa kama wafanyakazi kamili. Januari 1995 wanastaji kutoka Nepal walijifunga minyororo mbele ya kanisa kuu la Myeongdong, Seoul, wakieleza wanavyopigwa na kunyimwa mshahara. Mwaka ule ule serikali ikakubali walindwe na sehemu ya sheria ya kazi. Mwaka 2004 ukaja mfumo mpya wa vibali unaomtambua mgeni kama mfanyakazi, na ule wa staji ukafutwa mwaka 2007. Wanaotaka kwenda wajue hili: nchi zilizo kwenye orodha ya vibali hivyo vya viwandani ni za Asia. Akikuambia mtu anakupeleka kiwandani Korea kwa njia hiyo, shika mfuko wako. Mkongomani anaingia zaidi kwa masomo, kwa bursa, ao kama mkimbizi.

Mkongomani mwenzetu Yiombi Thona anajulikana sana kule. Alifika mwaka 2002, akafanya kazi za viwandani huku akingoja, akatambuliwa kuwa mkimbizi mwaka 2008, kisha akafundisha kwenye Chuo Kikuu cha Gwangju. Miaka sita ya kungoja, na alikuwa mtu mwenye masomo.

Basi, atakayepata nafasi ya kwenda ajifunze zile desturi: mikono miwili, kuinama kidogo, kufika mapema, kusoma nunchi. Ni heshima, hazimpunguzie mtu kitu. Lakini asome pia kontra yake kabla ya kuisinya, ahesabu saa zake, na aweke nakala.

Na sisi tuliobaki hapa? Sheria ya kazi tunayo, tangu mwaka 2002. Ikisomwa na wachache, itabaki karatasi kama ile ya Korea ya 1953. Shefu akikuletea mfano wa Korea ili ufanye kazi ya bure, mjibu kwa adabu: "Mzee, Korea gani? Ile ya 1970, ao ya leo?"

Wenzetu mulio kwenye staji, munalipwa? Munapewa hata karatasi moja yenye sahihi? Tuandikieni hapa chini, lakini bila kutaja jina la mtu wala la kampuni.